Baipola kwa Vijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wazazi, walimu na vijana wenyewe huyarudia kila ugonjwa huu unapotajwa. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Ila kama yupo mtu anayezungumzia kufa leo hii, ruka yote uende swali la 18.

## Mambo ya msingi

1. Baipola ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa akili unaovuruga hisia, nguvu za mwili na usingizi kwa vipindi. Kuna kipindi mtu hupanda: anachangamka kupita kiasi, halali, maneno na mawazo yanakimbizana. Hiyo huitwa mania. Kuna kipindi hushuka, akazama katika sonona. Katikati ya vipindi hivyo wengi hurudi walivyokuwa, na hapo ndipo ndugu huchanganyikiwa: "Mbona mwezi uliopita alikuwa mzima kabisa?" Ndiyo, alikuwa mzima. Ugonjwa huu huja na kuondoka, na kule kuja na kuondoka ni sehemu ya alama zake.

Si ugonjwa mpya. Daktari Mfaransa Jean-Pierre Falret aliueleza mwaka 1851 kama wazimu unaozunguka, na jina la sasa lilishika rasmi mwaka 1980. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi nao. Jina lenyewe, lenye maana ya "ncha mbili" kwa Kiingereza, kwa maoni yangu linapotosha kidogo, kwa sababu linamfanya msomaji afikirie ncha mbili zisizokutana. Ukweli ni kwamba hukutana. Kijana anaweza kuwa na nguvu za mania na kukata tamaa kwa sonona katika saa ileile. Hali hiyo ya mchanganyiko huwapata vijana mara nyingi, na ni ya hatari kwa sababu nia ya kujidhuru inapata nguvu za kuitekeleza.

2. Mania kwa kijana inaonekanaje?

Watu hutarajia furaha. Kwa vijana, mara nyingi kinachotangulia kuonekana ni hasira: kijana mpole anaanza kufoka, anagombana na kila anayempinga, anavunja vitu. Furaha ikiwapo, ni ile isiyo na sababu na isiyosikia la mtu.

Angalia zaidi usingizi. Kijana aliyekesha na simu huamka kachoka, anasinzia darasani, Jumamosi analala hadi mchana. Aliye katika mania analala kwa muda wa saa 2 au 3 tu, au halali kabisa, na asubuhi ana nguvu kuliko jana. Anakosa usingizi na haudai. Tofauti hiyo ndogo imewasaidia madaktari wengi kuliko maelezo marefu ya tabia.

Mengine huja pamoja nayo: kuongea haraka bila kumpa mwingine nafasi, kuruka kutoka jambo hadi jambo, kuanzisha mipango mitano kwa wakati mmoja, kutumia pesa ovyo, kuendesha chombo kwa fujo, kujiingiza katika ngono bila tahadhari, na kujiona mkubwa. Kujiona huko kunapita majigambo ya kawaida ya ujana. Anaweza kuacha shule katikati ya mitihani kwa kuwa anaamini kampuni yake, ambayo haipo, itaajiri maelfu mwezi ujao. Mania ikikolea, wengine husikia sauti au hushika imani zisizo na msingi.

3. Na sonona yake ina tofauti gani na huzuni ya kawaida?

Huzuni ina mlango wa kutokea. Rafiki akija, habari njema ikifika, inalegea. Sonona hukaa wiki 2 au zaidi, karibu siku nzima, karibu kila siku, na huondoa ladha hata ya vitu alivyovipenda. Kijana hujitenga, hula sana au hali, hulala sana au huamka alfajiri asipate tena usingizi, alama za shule hushuka, naye hujiona mzigo. Kwa wengi wenye baipola, siku za sonona ni nyingi kuliko siku za mania.

4. Nimesikia kuna aina ya kwanza na ya pili. Ya pili ni nafuu?

Aina ya kwanza ina mania kamili: angalau wiki moja, au muda wowote ikiwa ilibidi alazwe. Aina ya pili ina haipomania, yaani mania nyepesi ya siku 4 au zaidi isiyovuruga maisha kwa kiwango hicho, pamoja na vipindi vya sonona kali. Ipo pia saiklothimia, ya kupanda na kushuka kudogo kwa muda mrefu. Kwa watoto na vijana daktari huhitaji angalau mwaka 1 wa hali hiyo, na kwa watu wazima miaka 2.

Ya pili si nafuu. Wepesi uko upande wa kupanda tu. Sonona yake inaweza kuwa ndefu na nzito, na hatari ya kujiua iko palepale.

5. Huanza katika umri gani?

Mara nyingi kati ya mwisho wa ujana wa shule na miaka ya mwanzo ya 20. Watoto wadogo wanaweza kuupata, lakini ni nadra, na hapa pana historia inayofaa kukumbukwa. Nchini Marekani, kati ya 1994 na 2003, mahudhurio ya watoto na vijana kwa madaktari yaliyoandikiwa baipola yaliongezeka takriban mara 40. Ugonjwa haukuongezeka hivyo. Kilichotokea ni kwamba watoto wengi wenye hasira za kudumu walibandikwa jina hilo. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa huko uliongeza utambuzi mwingine mahsusi kwa watoto wenye hasira za muda wote, ili kupunguza makosa hayo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 akiambiwa ana baipola, si utovu wa adabu kuomba maoni ya daktari wa pili.

## Ni ugonjwa au ni ujana tu?

6. Binti yangu anabadilika mara tano kwa siku. Ni baipola?

Pengine siyo. Kununa asubuhi, kucheka mchana na kulia usiku kwa sababu ya ujumbe wa rafiki ni mambo ya umri. Vipindi vya baipola huhesabiwa kwa siku na wiki.

Kosa la kawaida ni kumlinganisha na wenzake: "Mbona binti wa jirani ametulia?" Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi 6 iliyopita. Kijana mwongeaji tangu utotoni akiendelea kuongea, hakuna habari. Kijana mkimya akianza ghafla kuongea usiku kucha, kupigia watu simu saa 9 za usiku na kugawa vitu vyake, hiyo ni habari hata kama bado haongei kumshinda dada yake. Daktari akiuliza "tangu lini?", jibu lako lina thamani kuliko "yeye yukoje?"

Chukua daftari. Kila siku andika mambo matatu tu: alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, hali yake ilikuwaje, na kama kuna jambo kubwa lililotokea. Wiki 4 za daftari hilo humwambia daktari mengi kuliko saa nzima ya kukumbuka.

7. Walimu wanasema ni tatizo la kutotulia, lile la herufi ADHD. Wanakosea?

Huenda hawakosei. Dalili zinafanana: kuongea sana, kukosa umakini, kutokaa kitako. Kijana mmoja anaweza pia kuwa na yote mawili. Kinachotenganisha ni muda. ADHD huanza utotoni na haina likizo. Mwalimu wa darasa la pili aliiona kama anavyoiona wa sasa. Baipola ina mwanzo unaoweza kuutaja mwezi wake. Hitaji la usingizi linalopungua bila uchovu na kujikweza kupita kiasi pia huelekeza kwenye baipola.

8. Daktari wa kwanza alisema sonona, wa pili anasema baipola. Nani mwongo?

Hakuna. Kwa wengi ugonjwa hufungua na sonona, na daktari hawezi kuiona mania ambayo bado haijatokea. Wengi hupitia miaka kadhaa na jina lisilo lao.

Yapo yanayomfanya daktari awe macho mapema: sonona iliyoanza katika umri mdogo, sonona yenye kusikia sauti, ndugu wa damu mwenye baipola, au kijana aliyepewa dawa ya sonona akaanza kupanda. Hilo la mwisho ni muhimu. Dawa za sonona zikitumika peke yake kwa mtu mwenye baipola zinaweza kuamsha mania. Kama ndani ya wiki chache za kuanza dawa kijana ameacha kulala na amechangamka isivyo kawaida, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Na tafadhali, mwambie daktari kuhusu ile wiki ambayo "alikuwa vizuri sana". Familia huificha bila kukusudia kwa kuwa hawakuiona kama ugonjwa. Kijana naye huikumbuka kama wiki bora ya maisha yake.

9. Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo inayothibitisha?

Hakuna. Utambuzi hutokana na mahojiano, historia na ushuhuda wa watu wa karibu. Damu bado itapimwa, ili kuondoa mambo yanayoiga baipola: matatizo ya tezi ya thairoidi, dawa za kulevya, athari za dawa kama steroidi. Kifafa nacho huchunguzwa pale panapokuwa na shaka.

## Chanzo

10. Mimi ninao. Watoto wangu wataupata?

Hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine, lakini wengi hawataupata. Mzazi mmoja akiwa nao, takriban mtoto 1 kati ya 10 huupata. Mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, hawaupati wote wawili kila mara. Maana yake jeni zina uzito mkubwa lakini haziamui peke yake. Faida ya kujua ni kwamba utazitambua dalili mapema kuliko mzazi asiyezijua.

11. Tulimharibu kwa malezi? Au ni bangi?

Malezi hayasababishi baipola. Mateso ya utotoni huufanya uje mapema na uwe mgumu zaidi, na nyumba yenye kufokeana kila siku humrudisha mgonjwa kitandani haraka. Hayo yanarekebishika, na kujilaumu hakuyarekebishi.

Bangi ni suala jingine. Huzidisha mania, huongeza uwezekano wa kusikia sauti na kuvuruga matibabu. Pombe huongeza sonona. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaiba usingizi, na usingizi ndio nguzo.

12. Tumeambiwa ni mapepo. Tuache dawa?

Msiache. Anayetaka kuombewa aombewe, na dawa aendelee nazo. Penye kufungwa kamba, kunyimwa chakula au kupigwa, hapo hakuna tena maombi, kuna ukatili, na kijana aondolewe.

## Matibabu

13. Dawa gani hutumika?

Makundi ni mawili makubwa. La kwanza ni vitulizaji vya hisia: lithiamu, valproeti, lamotrijini, kabamazepini. La pili ni dawa za saikosisi (hali ya kusikia sauti au kushika imani zisizo na msingi) kama risperidoni, aripiprazoli, kwetiapini na olanzapini, ambazo hutumika pia kwa mania hata kama mgonjwa hasikii sauti yoyote. Hizi za pili hufanya kazi haraka, lakini nyingi huongeza uzito na sukari, kwa hiyo uzito, sukari na mafuta ya damu hupimwa tangu mwanzo. Usipuuze suala la uzito. Kwa kijana wa miaka 16, kilo 10 za ghafla ni sababu tosha ya kutupa dawa chooni kimyakimya. Mwambie daktari kabla hajafika huko. Mara nyingi kuna dawa mbadala.

Lamotrijini huongezwa polepole kwa wiki kadhaa kwa sababu inaweza kuleta vipele hatari. Kipele chochote katika wiki za mwanzo kionwe na daktari. Na ikikosekana siku kadhaa mfululizo, asirudie dozi ya zamani bila kuuliza.

14. Lithiamu inatisha. Kwa nini bado inatolewa?

Kwa sababu inafanya kazi. John Cade, daktari wa Australia, alichapisha matokeo yake mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zilizoonyesha kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye ugonjwa huu.

Inachodai ni nidhamu. Kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana, hivyo damu hupimwa mara kwa mara, saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Figo na thairoidi hukaguliwa pia. Mwili ukipoteza maji, lithiamu hupanda katika damu: kuharisha, kutapika, joto kali, mazoezi makali, kufunga bila kunywa maji. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli haina shida hiyo. Chumvi isipunguzwe ghafla. Akianza kutetemeka sana, kuyumba, kuongea kama mlevi, kutapika au kuchanganyikiwa, asisubiri miadi. Apelekwe hospitali, na dozi inayofuata asinywe kabla ya kuonwa.

15. Amepona kabisa. Kwa nini aendelee kumeza vidonge?

Kwa kuwa huenda vidonge ndivyo vilivyomponya. Kuacha lithiamu ghafla hasa huongeza hatari ya mania kurudi upesi. Kupunguza kunawezekana kwa baadhi, polepole, daktari akijua, katika kipindi kilichotulia. Kuanza jaribio hilo wiki ya mitihani ni kujitafutia balaa.

Lakini msikilize kijana anayetaka kuacha. Wengine huukumbuka ule mwanga wa mania na kuulilia. Wengine wanajiona wazito, wamezubaa, hawawezi kuchora wala kuandika kama zamani. Huo si ukaidi. Ni taarifa ya kupeleka kwa daktari ili dozi irekebishwe.

16. Ushauri nasaha unasaidia, au ni maneno tu?

Unasaidia ukiongezwa juu ya dawa. Kwa vijana, tiba inayohusisha familia nzima ina ushahidi mzuri: wote hujifunza dalili za mwanzo, namna ya kuzungumza bila kushambuliana, na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Ipo pia tiba inayojengwa juu ya ratiba ya siku: kuamka, kula, kutoka na kulala kwa saa zilezile, hata mwisho wa wiki. Inachosha kuisikia. Hata hivyo usiku mmoja wa kukesha unaweza kuwasha mania kwa mtu aliye tayari kuteleza, kwa hiyo ukiwa na nguvu za kusimamia kanuni moja tu nyumbani, simamia ya kulala.

## Siku hadi siku

17. Shule, simu na pesa: tufanyeje?

Shule: watu wachache wajue, wanaohitaji kujua, na kijana ashirikishwe kuwachagua. Omba vitu mahsusi, kwa mfano muda wa ziada wa mitihani, ruhusa ya kwenda kunywa maji, kurudi masomoni kwa nusu siku baada ya kulazwa. "Mumwangalie" si ombi ambalo mwalimu anaweza kulitekeleza.

Simu na pesa: mipango ifanywe akiwa ametulia, na iandikwe. Nani atashika kadi ya benki? Nani ataruhusiwa kumwambia "weka simu" naye asikasirike? Yale aliyoyatangaza mtandaoni wakati wa mania yanaweza kumuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Akirejea, msaidie kuyafuta na kuomba radhi panapohitajika, bila kumsomea hukumu.

Akikataa kwamba anaumwa, usibishane kuhusu jina la ugonjwa. Kubaliana naye kwenye analoliona mwenyewe: "Hujalala siku nne. Twende tukamwone daktari kuhusu usingizi." Wengi hukubali mlango huo.

## Hali ngumu

18. Anasema anataka kufa. Nifanye nini sasa?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga vipi?" Swali halipandi wazo, linampa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake. Ondoa au fungia dawa zote, zikiwemo zake, sumu za wadudu na za shamba, visu, kamba na silaha. Kama ana mpango au amejaribu, mpeleke hospitali ya karibu au piga namba ya dharura ya nchi yako. Usiahidi kutunza siri hii.

Kutulia ghafla baada ya wiki za giza, kugawa vitu anavyovipenda na kuaga watu kunahitaji uangalizi sawa na maneno yenyewe. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini nazo ni za hatari, hivyo miadi ya kwanza isikosekane. Na dawa nyumbani zikae mikononi mwa mtu mzima, kwa kiasi kidogo kidogo.

19. Binti ana miaka 17 na amepewa valproeti. Kuna tatizo?

Lipo. Valproeti ikitumika wakati wa mimba, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Nchi nyingi zimeiwekea masharti makali kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Asiache ghafla. Arudi kwa daktari upesi, na swali la uzazi wa mpango liulizwe bila aibu, kwa sababu kabamazepini hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya uzazi, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni hupunguza lamotrijini mwilini.

Mama mwenye baipola anaweza kuzaa na kulea. Wiki baada ya kujifungua ndizo za hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, na mpango wake, ukiwemo wa nani atamshika mtoto usiku ili mama alale, hufanywa kabla ya mimba.

20. Mimi ndiye mgonjwa, nina miaka 21. Nimwambie mchumba?

Si siku ya kwanza, na si baada ya harusi. Mwambie ukiwa umetulia, kwa maneno ya matendo: "Nikianza kulala kwa saa 3 tu usiku na kununua vitu nisivyohitaji, mpigie dada yangu na daktari." Mpe namba zao. Ataelewa hilo haraka kuliko maelezo ya kemia ya ubongo, na namna atakavyolipokea itakueleza mengi kumhusu yeye.

21. Jina la ugonjwa linaweza kubadilika baadaye?

Linaweza, hasa ukiwa umeanza mapema. Aliyeitwa wa aina ya pili akipata mania kamili huhesabiwa wa aina ya kwanza. Wengine huja kuonekana kuwa na ugonjwa unaochanganya baipola na skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushika imani zisizo na msingi), na wengine jina la baipola huondolewa kabisa. Tunza nakala za vyeti, orodha ya dawa zilizowahi kutumika na sababu ya kuziacha, pamoja na lile daftari la swali la 6. Daktari mpya atakayelifungua ataanzia pale mlipofika.